Reginald Denny, Mwigizaji wa Ndege Zisizo na Rubani

Ukimwomba mwanafunzi yeyote akutajie watu waliochangia mambo ya ndege, jibu la kwanza litakuwa ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, waliopaa Desemba 1903. Aliyesoma zaidi kidogo atamtaja Beryl Markham, yule mama aliyekulia Njoro kati ya farasi, kisha Septemba 1936 akavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Hapo orodha inaishia. Sijasikia hata mtu mmoja akimtaja Reginald Denny. Nami naona kwamba kama kuna mtu anayewahusu vijana wa Meru na Embu kuliko hao wote, ni yeye.

Kwa nini nasema hivyo? Tembea siku ya Jumamosi kuanzia Maua hadi Runyenjes, utakutana na mtoto mwenye ndege ya mabua ya mahindi. Propela imekatwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, imetobolewa katikati kwa msumari, na mtoto anakimbia nayo kuteremka mlima ili izunguke. Wapo wanaotumia zile plastiki nyeupe nyepesi zinazofungiwa televisheni ndani ya maboksi. Wengine, ambao mimi ni mmoja wao, wamekwisha kung'oa mota kwenye redio ya kaseti iliyokufa na kuifunga puani mwa ndege pamoja na betri. Mtoto huyo akifika kidato cha kwanza huambiwa aache michezo ya kitoto, ashike vitabu. Wengi huacha. Sasa Denny alianza mchezo huo akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, tena mwenye jina kubwa, na hakuacha. Hicho ndicho kisa ninachotaka kuwasimulia.

Alizaliwa tarehe 20 Novemba 1891 katika mji wa Richmond, karibu na London, Uingereza. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Reginald Leigh Dugmore. Hilo la Denny ni jina la jukwaani, ambalo baba yake, mwimbaji na mwigizaji, alikuwa akilitumia. Kwao kuigiza ilikuwa kazi ya ukoo, kama vile kwetu kuna nyumba za wahunzi. Reginald alipanda jukwaani kabla hajatimiza miaka kumi. Masomo hakuyasoma sana. Alipokuwa kijana alisafiri na makundi ya waimbaji, akafika Marekani mwaka wa 1911, na baadaye akazunguka hadi India.

Vita Kuu ya Kwanza vilipopamba moto alirudi kwao akajiunga na kikosi cha ndege cha Uingereza mwaka wa 1917. Hebu fikiria ndege za wakati ule: mbao, turubai na waya, na rubani anaketi nje kichwa kikipigwa na upepo. Denny alifunzwa kazi ya kukaa nyuma na bunduki. Alikuwa pia mtu wa ndondi, na alipata ubingwa katika kikosi chake. Mambo haya mawili, ndege na ndondi, ndiyo yaliyomtengenezea maisha baadaye, ingawa si kwa njia ambayo mtu angeitabiri.

Baada ya vita alirudi Marekani. Ndondi ndiyo iliyomfungulia mlango, kwa sababu mwaka wa 1922 alipewa nafasi ya kuwa mwanandondi katika mfululizo wa filamu, na watu wakampenda. Kisha akageukia vichekesho. Katika miaka hiyo ya 1920 filamu hazikuwa na sauti. Mwigizaji alichekesha kwa uso, mikono na miguu, na maneno machache yaliandikwa kwenye skrini. Denny aliigiza kijana wa Kimarekani, nadhifu, anayeingia matatani kila anapojaribu kufanya jambo la maana. Alipata pesa nzuri. Alijifunza kuendesha ndege, akanunua yake mwenyewe, akawa na marafiki wengi kati ya marubani wa Hollywood waliokuwa wakifanya maajabu angani kwa ajili ya kamera.

Halafu ikaja sauti. Kuanzia mwaka wa 1927 filamu zilianza kusema, na hapo ndipo wengi walipoanguka. Sisi tunaoshiriki tamasha za maigizo tunalijua jambo hili vizuri sana. Mtu anaweza kuvaa kanzu na kofia akawa Mswahili wa Lamu kabisa, hadi atakapofungua kinywa lafudhi ya Kimeru ikamwaga mtama. Ndivyo ilivyokuwa kwa Denny. Yule kijana wa Kimarekani aliyependwa na wote, kumbe ni Mwingereza! Hakukosa kazi, lakini alishuka ngazi. Badala ya kuwa nyota mwenyewe, akawa rafiki wa nyota, au mume aliyeachwa, au bwana wa heshima anayesimama kando. Kwa mtu aliyezoea kuona jina lake juu ya milango ya sinema, hilo si jambo dogo.

Ni katika miaka hiyo, mwanzoni mwa 1930, ndipo ndege ndogo zilipomwingia. Husimuliwa kwamba mtoto wa jirani alikuwa na kindege chake, Denny akataka kumwonyesha namna ya kukirusha, kikaanguka kikavunjika. Basi akaenda kununua kingine ili amlipe mtoto. Akaanza kukiunda, na jioni ile hakukumbuka tena chakula. Anayezijua ndege hizi ataelewa.

Mwaka wa 1934 aliungana na Paul Whittier, mtoto wa tajiri wa mafuta, wakaanzisha kampuni ndogo na duka la kuuza vifaa vya ndege ndogo. Mwaka uliofuata yakawa maduka kadhaa. Sijui kama mmewahi kuona duka la namna hiyo. Meru mjini halipo, na Embu halipo. Ndani yake mnauzwa vijiti vya mti mwepesi uitwao balsa, karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu ya kufunikia mabawa, gundi, mipira ya kusokota, magurudumu madogo na michoro. Watoto walijaa humo. Watu wazima nao walikuja, wakidai wamewasindikiza watoto.

Ndege alizouza mwanzoni zilikuwa za kurushwa na kuachiliwa. Hazikuwa na redio. Ukishaiachilia imekwenda, huwezi kuiambia kitu tena, na kama haikupangwa sawasawa itaanguka mbele yako bila kukuuliza. Hapa naomba niwaeleze kwa urefu kidogo, maana bila kuelewa upangaji huu huwezi kuelewa kwa nini Denny alifaulu pale ambapo watu wenye elimu kumshinda walikuwa wamekwama.

Jambo la kwanza katika ndege yoyote, iwe ya mabua au ya chuma, ni mizani. Shika ndege yako kwa vidole viwili chini ya mabawa, moja kila upande, mahali palipo kama theluthi moja ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikikaa sawa au ikainamisha pua kidogo tu, ni vizuri. Pua ikiwa nzito sana itapiga mbizi. Mkia ukiwa mzito ni vibaya zaidi: ndege huinua kichwa, hupanda, husimama hewani kama mtu aliyesahau alichokuwa akitaka kusema, kisha huporomoka. Ndege nyingi za watoto wa kwetu zinakufa kwa ugonjwa huu wa mkia mzito, kwa sababu fundi ameweka waya nyingi nyuma ili zipendeze. Dawa yake ni kipande cha risasi au udongo puani. Si kuongeza nguvu za mota.

Kisha kuna ncha za mabawa. Ukiziinua juu kidogo, ndege ikilala upande mmoja bawa lililoshuka hupata hewa zaidi na kuisukuma irudi. Bawa dogo la mkiani nalo hupachikwa likiwa limeinamishwa kidogo kuliko lile la mbele, ili pua ikishuka, mkia uikumbushe kupanda. Mambo haya Mfaransa mmoja, Alphonse Pénaud, aliyaonyesha mwaka wa 1871 kwa kindege cha mpira wa kusokota mbele ya watu mjini Paris, miaka 32 kabla ya ndugu Wright kupaa. Denny aliyapata kwa kuvunja ndege moja baada ya nyingine. Kabla ya kuwasha injini alirusha kwa mkono tu, juu ya nyasi, akatazama inavyoshuka, akarekebisha, akarusha tena.

Injini yenyewe aliipata kwa mhandisi aitwaye Walter Righter, aliyekuwa akiunda injini ndogo za petroli za kutosha kiganjani. Waliziuza kwa jina la Dennymite, na ndege iliyoendana nayo ikaitwa Dennyplane. Mnaona alivyolitumia jina lake la sinema! Mtoto aliyemwona Denny kwenye skrini wiki iliyopita, wiki hii amenunua injini yake.

Niongeze hapa jambo linalotuhusu. Mahali Denny alipokuwa akirusha, katika bonde la San Fernando kando ya Los Angeles, ni mita 240 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu zaidi. Embu mjini na Meru mjini zote ziko zaidi ya mita 1,300, na kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Maana yake ni kwamba propela inashika hewa kidogo, injini inapumua kidogo, na bawa linabeba kidogo. Ndege ileile inayopaa vizuri Malindi inaweza kukimbia ardhini hapa Meru mpaka imalize uwanja wa mpira. Dawa ni kupunguza uzito, au kutumia propela kubwa zaidi na bawa pana zaidi, na kurusha asubuhi hewa ikiwa baridi. Upepo nao una tabia zake. Mchana jua likipasha miteremko ya Mlima Kenya, hewa hupanda kwenda mlimani, usiku hushuka. Kabla ya saa tatu asubuhi ndipo pametulia. Na ule msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, mawingu yakiwa yamelala juu ya majani chai, weka ndege yako juu ya kabati tu.

Turudi kwa Denny. Ndege ya kuachiliwa ina huzuni yake: ikiwa nzuri sana, inapotea. Inapanda na hewa ya joto, inakuwa nukta, na huyo ameenda. Kila mpenzi wa ndege alianza kuota jinsi ya kushika hatamu kutoka ardhini. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa redio mwaka wa 1898. Lakini mashua inaweza kubeba mzigo wa betri. Ndege je? Redio za miaka ya 1930 zilikuwa na vali za kioo, zile zilizowaka ndani kama taa, na betri zake zilikuwa nzito. Mwaka wa 1937 ndugu wawili wa jimbo la Michigan, Walter na William Good, walifaulu kuendesha kwa redio ndege yao waliyoiita Guff, na inahesabiwa kati ya za kwanza kabisa za wapenzi wa mchezo huu. Wakati huohuo Denny, huko California, alikuwa akifuata njia hiyo pamoja na Righter na fundi wa redio aitwaye Kenneth Case.

Kuendesha kwa redio si rahisi kama kunavyoonekana. Lazima kwanza upime mawimbi ardhini: mmoja anashika ndege, mwingine anatembea na kisanduku cha kuongozea, hatua kwa hatua, huku usukani ukijaribiwa, mpaka mjue unasikia kutoka mbali. Lazima uhakikishe kwamba ukisukuma kijiti kushoto usukani nao unakwenda kushoto. Si mmoja aliyeunganisha kinyume akagundua tayari iko angani. Na halafu kuna mtego mkubwa kuliko yote. Ndege ikikupa mgongo, kushoto kwako ni kushoto kwake. Ikigeuka kuja kwako, kushoto kwako kumekuwa kulia kwake. Ubongo unakataa. Mkono unafanya ulichozoea, na kwa sekunde mbili ndege imo kwenye mti wa mukima. Rubani wa ndege kubwa hana shida hiyo, maana yeye yumo ndani. Denny, aliyejua kuendesha zote mbili, alilazimika kujifunza upya.

Sasa tufike kwenye jambo lililombadilisha kutoka mwenye duka hadi mtu wa historia. Denny alikumbuka vita. Wapigaji wa bunduki za kutungua ndege walifanya mazoezi kwa kulenga kitambaa kirefu kilichovutwa na ndege nyingine kwa kamba. Kitambaa hakigeuki, hakikwepi, hakishuki ghafla kama adui. Na rubani anayekivuta naye yuko hatarini, kwani risasi haisomi. Denny akajiuliza kwa nini wasilenge ndege ndogo inayoongozwa kwa redio, ndogo kiasi kwamba ikiwa karibu ingeonekana kama kubwa iliyo mbali. Uingereza walikuwa na wazo kama hilo: mwaka wa 1935 walirusha ndege kamili iliyoondolewa rubani, wakaiita Malkia wa Nyuki, na inasemekana ndipo Waingereza na Wamarekani walipopata jina la nyuki dume wanaloviitia vyombo hivi hadi leo. Lakini ile ilikuwa ndege kubwa ya bei kubwa. Ya Denny ingekuwa rahisi, ya kutunguliwa bila mtu kulia.

Mwaka huohuo wa 1935 aliwaonyesha wanajeshi wa Marekani ndege yake ya kwanza. Hawakununua. Mtu akiwa ni mchekeshaji wa sinema, anakuja kambini na kindege mkononi, unafikiri afisa atamtazamaje? Alirudi nyumbani akaunda nyingine. Mwaka wa 1938 alikuja na ya pili, na mwaka wa 1939 nyingine mbili. Fedha zake za kuigiza ziliingia humo. Ndiyo maana ukitazama orodha ya filamu zake za miaka hiyo utashangaa alikuwa akipata wapi usingizi: mwaka wa 1936 yumo katika Romeo na Juliet, mwaka wa 1940 ni yule msimamizi mpole wa shamba katika filamu ya Rebecca iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Mchana yuko mbele ya kamera, usiku yuko na gundi.

Mwaka wa 1940 jeshi lilikubali. Kampuni iliitwa Radioplane, na karakana yake ilikuwa kando ya kiwanja cha ndege cha Van Nuys, Los Angeles. Ndege waliyoiunda kwa wingi iliitwa OQ-2. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 3.73 kutoka ncha hadi ncha, urefu wake mita 2.65, na uzito kilo 47 hivi, yaani kama gunia dogo la mahindi. Ilikuwa na injini ya silinda mbili yenye nguvu za farasi 6, na propela mbili mbele, moja ikizunguka kulia na nyingine kushoto. Kwa nini mbili? Kwa sababu propela moja ikizunguka upande mmoja, mwili wa ndege hutaka kupinduka upande wa pili, na katika ndege ndogo isiyo na mtu ndani wa kuisahihisha, hilo ni balaa. Mbili zikipingana, zinatulizana. Huo ni ujanja ninaoupenda kuliko yote katika ndege ile. Ilirushwa kwa chombo kama manati kubwa, ilikwenda kasi ya kilomita 137 kwa saa, ilikaa angani kama saa moja, na wapigaji wakishindwa kuipata, mwendeshaji alifungua parachuti ikashuka taratibu ikatumika kesho yake.

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha mwaka wa 1945, kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza karibu ndege 15,000. Ilikuwa mara ya kwanza Marekani kwa ndege zisizo na rubani kuundwa kwa wingi namna hiyo, na chanzo chake ni duka la watoto.

Wafanyakazi wengi wa karakana walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa vitani. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 18 hivi aliyeitwa Norma Jeane Dougherty, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka dawa vitambaa vya ndege na kukagua parachuti. Karibu na mwisho wa vita, mpiga picha wa jeshi, David Conover, alitumwa pale kupiga picha za wanawake kazini, akamwona, akampiga picha akiwa ameshika propela. Picha hizo ndizo zilizomwanzishia njia ya kuwa Marilyn Monroe. Kisa hiki kizuri kimemdhulumu Denny, kwa maoni yangu. Ukitafuta habari za karakana yake, watu hukuambia kuhusu msichana, na yule mzee aliyejenga hukumbukwa kama mwenye nyumba tu.

Nisiache swali gumu. Mwalimu mmoja aliyesoma rasimu hii aliniuliza kama ni vyema kumsifu mtu aliyegeuza mchezo wa watoto kuwa kifaa cha vita. Sehemu zetu hizi zina haki ya kuuliza. Kati ya mwaka wa 1953 na 1955, ndege za kivita za Waingereza ziliangusha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau, na kwa wazee wa vijiji vilivyo kando ya msitu ngurumo ya ndege haikuwa burudani. Jibu langu ni hili. Ndege za Denny hazikubeba bomu hata moja. Zilitengenezwa ili zipigwe, sio zipige. Ziliwaokoa marubani wa kuvuta vitambaa. Lakini siwezi kusema kwamba mambo yaliishia hapo, kwa kuwa aliyeweza kuongoza ndege bila mtu ndani kwa ajili ya mazoezi, wengine waliomfuata waliweza kuipachika kamera, na baada ya kamera, silaha. Mwaka wa 1952 kampuni ya Radioplane iliuzwa kwa Northrop, na mrithi wake, Northrop Grumman, ndiye aliyeunda Global Hawk, ndege kubwa ya upelelezi isiyo na rubani. Kwa upande mwingine, tangu mwaka wa 2016 nchini Rwanda vyombo vya ukoo huohuo vimekuwa vikipeleka damu hospitalini kuvuka milima. Wana wa baba mmoja hawafanani tabia.

Wenye hamu ya kujaribu wajue pia kwamba Kenya ina kanuni za mwaka wa 2020 kuhusu vyombo visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Uliza kwanza, uombe kibali panapohitajika, wala usirushe karibu na kiwanja cha ndege. Isiolo si mbali, na sehemu ya ardhi ya kiwanja kile iko upande wa Meru.

Baada ya kuuza kampuni, Denny hakustaafu kuigiza. Aliendelea na nafasi ndogondogo jukwaani, kwenye televisheni na kwenye filamu. Mwaka wa 1956 alikuwa afisa wa polisi katika filamu ya kuizunguka dunia kwa siku themanini, na mwaka wa 1966, akiwa na miaka 74, alionekana katika filamu ya Batman kama mzee wa majini mwenye masharubu, anayetekwa bila kujua kwamba ametekwa. Vijana waliocheka ukumbini hawakuwa na habari kwamba mzee yule alikuwa amejaza anga ndege 15,000.

Mwaka uliofuata alisafiri kwenda Uingereza. Aliaga dunia tarehe 16 Juni 1967 mjini Richmond, mji uleule aliozaliwa, akiwa na umri wa miaka 75. Moja ya ndege zake za OQ-2 imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la jeshi la anga la Marekani huko Dayton, Ohio, pamoja na propela zake mbili puani.